Mikono ya Gari la Rimoti

Kwenye matanga ya Fundi Kakule nilikaa upande wa wanawake, nimejifunga kitenge kama wengine, nikamsikia kijana mmoja akiwahadithia wenzake jambo ambalo hakulishuhudia. Alisema kwamba wakati wa vita marehemu alitengeneza gari dogo la rimoti lenye viungo vigumu kama reli, hata kamanda wa Beni akashindwa nalo. Wenzake wakatikisa vichwa kwa heshima. Nilivumilia mpaka sahani za bugali na mboga za lengalenga zikapita, kisha uvumilivu ukaniishia. Nikamwambia, "Mutoto wangu, ile haikukuwa ngumu. Ilikuwa inapinda. Njo maana ilidumu." Akaniuliza nimejuaje. Nikamjibu kwamba nilivikata mimi, na kwamba kamanda tulimshinda kwa njia nyingine kabisa, si hiyo anayoisema. Mjane, Mama Fundi, aliyekuwa amelia tangu asubuhi, akainua kichwa na kumwambia yule kijana, "Uliza ye. Ye njo anajua. Alinimalizia maharagwe." Akacheka kidogo, akarudi kulia. Niliporudi nyumbani niliona ni heri niuandike mwaka ule mwenyewe, kwa sababu watu wanaoukumbuka wanapungua, na sifa zangu zimeanza kugawiwa wengine nikiwa bado nina meno.

Mambo ya nyumbani kwetu nayaacha, hayana tofauti na ya wengi. Ninachotaka kukionyesha ni chumba cha kazi cha Fundi Kakule pale Butembo, juu kidogo ya soko: mbao pande tatu, na upande wa nne ukuta wa mabati ambao asubuhi ulitoa jasho la ukungu. Asubuhi za Butembo zina baridi ya kweli. Tulifika tumejikunja, Mama Fundi akatupitishia chai na viazi vitamu vya kuchemsha kupitia dirisha la jikoni, tukashika vikombe mpaka vidole vikubali kufanya kazi. Nilikuwa nimesoma ufundi mpaka shule yetu ilipofungwa kwa sababu ya vita, na Fundi akanichukua baada ya kuniona nikinyoosha rimu ya baiskeli. Watu walimcheka kwamba ameweka binti kwenye vyuma. Aliwajibu, "Rimu haiulize kama ni bibi ao bwana." Mwaka ule ndio kwanza nilianza kulala nikiwaza kazi ya kesho, nikajua kwamba hiki ndicho ninachokitaka maishani.

Bahati mbaya ikaja kwa barabara ya Beni. Fundi alikuwa amekwenda kule kuchomelea mlango wa depo, na kwenye kizuizi askari wakamshusha jenereta, ile tuliyoiita groupe kama kila mtu. Walisema ni kwa usalama. Usalama wenyewe ulikuwa nyumba ya kamanda wao, iliyoanza kuwaka taa jioni ileile. Chumba chetu kikanyamaza. Mashine ya kuchomelea ilifunikwa gunia, mashine ya kutoboa ikawa ya kutundikia makoti. Tulibaki na msumeno, tupa, nyundo, na jiliwa, ile taya ya chuma ya kubania kazi mezani. Fundi alisema ikiwa groupe haitarudi kabla ya mavuno ya maharagwe atafunga, na mimi nitafute la kufanya. La kufanya lilikuwepo: shangazi yangu wa Kipese alikuwa ameshaniandalia jembe. Kipese si pabaya, na viazi vyake nimevila maisha yangu yote, ila mwaka ule sikutaka hata kulisikia jina lake.

Sasa lazima nieleze desturi yetu moja, maana bila hiyo hakuna hadithi. Mtu wa Butembo akinunua baiskeli mpya hapandi. Anaipeleka kwanza kwa mchomeleaji, aiongezee nondo kwenye uma, nondo chini ya kiti, na nondo nyingine pale mchomeleaji anapoona bado pana nafasi. Lori likivuka mpaka wa Kasindi, kabla halijabeba hata gunia moja, linaongezewa majani ya springi. Tunaita kurenforsé, na mtu asiyerenforsé tunamwona mzembe. Basi mfanyabiashara mmoja, Papa Mumbere, alirudi kutoka Dubai na magari mawili madogo ya mashindano ya kuendeshwa kwa rimoti, mapacha, moja jekundu na moja la buluu. La buluu alimpa yule kamanda wa Beni ili malori yake yapite vizuri. Jekundu aliwaachia watoto wake, kisha akawanyang'anya kwa sababu alilipenda mwenyewe. Na kabla hajaligusisha ardhi, alilileta kwa Fundi Kakule lirenforsewe.

Fundi alifunga vipande vya spoki za baiskeli juu ya mikono, vile viungo vinne vinavyoshika magurudumu kwenye mwili wa gari. Lilikimbia vizuri uani mpaka likagonga ngazi ya kwanza, mkono mmoja ukakatika palepale spoki ilipoishia. Tukayeyusha sufuria kuukuu na kumimina mkono wa alumini kwenye mchanga. Huo ulitoka mzuri, umenyooka kama askari kwenye gwaride. Gari likagonga tena ngazi ileile, mkono haukupata hata alama, ila kifua cha gari ulikofungiwa kilipasuka. Fundi alikiunga kwa gundi huku akiguna. Nikamuuliza, "Fundi, na kama mkono unapinda kidogo, halafu unarudia?" Akanitazama juu ya miwani. "Mukono ya kupinda iko ya nini? Ya kusalimia?" Nilirudi kwenye tupa, lakini swali halikunyamaza.

Siku chache baadaye Papa Mumbere alikuja, akaketi jikoni na Fundi, na ukuta wa mbao uliotutenganisha haukuwa wa siri. Nilikuwa napiga tupa. Nilipunguza sauti ya tupa.

"Nilikuwa kwa kamanda juzi," alisema Papa Mumbere. "Anacheza na ile voiture ya buluu kila siku ya Mungu. Groupe yako njo inamuchargia batterie."

"Anachargia bidule ya kuchezea ya batoto na groupe yangu?"

"Mais sikiliza. Mi nilimuambia, ya kwetu Butembo inapita ya kwako. Ni masanga njo ilisema, nilikuwa nimekunywa. Ye akajibia, mulete. Mukinipita, groupe ya ule fundi mutarudia nayo. Mbele ya ba-adjoint, basaidizi yake bote, alisema."

Nilisikia Fundi akiweka kikombe chini. "Ya kwetu iko inavunjika kwa ngazi ya nyumba, Papa."

"Donc itafutie dawa."

Nilivuka mlango kabla sijajua nitasema nini. Niliwaambia wanipe mikono ile mimi. Papa Mumbere aliangalia dari. Fundi aliniangalia mimi, kisha akasema, "Jaribu. Groupe hatuna, kazi hatuna, binti anaweza kucheza." Hakuwa na ubaya, alikuwa amechoka.

Nilikusanya kila kitu Butembo inachokitupa. Pembe ya ng'ombe kutoka machinjioni, ambayo ukiichemsha inakubali kunyooshwa. Bomba la maji la kijivu, lililopashwa moto na kubanwa kati ya mbao mpaka likawa bapa. Kasiye, yaani kreti, ya bia iliyovunjika, plastiki yake nene kama kidole. Alumini yetu ya sufuria. Nilikata mkono mmoja mmoja kwa kufuata umbo la ule wa kiwandani, na matundu niliyatoboa kwa msumari wa moto kwa sababu mashine ya kutoboa ilikuwa imelala. Kisha nikaupima kila mmoja kwa namna ileile: nabana ncha moja kwenye jiliwa, natundika kwenye ncha ya pili kifuko cha maharagwe ya Mama Fundi, nachora kwa chaki kwenye ubao pale mkono uliposhukia. Naondoa kifuko, nachora ulikorudi. Halafu naugonga kwa nyundo nikiiachia ianguke yenyewe kutoka urefu wa bega langu, tena na tena, mpaka ukubali kufa.

Mama Fundi alichungulia dirishani. "Leo maharagwe yangu inapima nini tena?"

"Ugumu, Mama."

"Ugumu nitakuonyesha mi, kama jioni iko haijafika kwa sufuria."

Hakuna somo shuleni lililonifurahisha kama ubao ule. Alumini haikushuka hata kidogo kwa kifuko, lakini ilipopinda kwa nyundo ilibaki imepinda, kama mtu aliyenuna. Pembe ilikuwa hodari siku kavu, na siku ya mvua ilijikunja yenyewe. Bomba la kijivu lilikuwa karibu gumu kama alumini, ila kwenye baridi ya asubuhi nyundo ililipasua vipande. Kasiye ya bia ilishuka zaidi ya zote, ikarudi palepale ilipoanzia, na nyundo ilichoka kabla yake. Fundi aliacha kuguna. Alikuja mwenyewe, akaachia nyundo, akaiokota, akaachia tena. Mwisho akasema, "Kumbe kigumu na kinachodumu ni bitu mbili." Mtu aliyerenforsé nusu ya baiskeli za mji huu! Sentensi ile nimeitembeza kifuani miaka yote hii kama medali, na sioni sababu ya kuivua.

Tulilifungia gari mikono ya kasiye, tukaenda Beni na lori la Papa Mumbere. Tulifikia kwa dada yake, Mama Kavira, nyumba ndogo iliyojaa watu waliokimbia kutoka upande wa Mabalako. Usiku ule vyumba vyote vilikuwa na mikeka, na asubuhi tulikula kwa zamu, mihogo na samaki wa chumvi. Mwanamke mmoja kati ya wale wakimbizi, aliyeacha shamba lililokuwa tayari kuvunwa, aliniuliza tumekuja kufanya nini wakati watu wenye akili wanaondoka. Nilimwambia ukweli, kwamba tumekuja kushindana na kamanda kwa gari la kuchezea ili aturudishie groupe yetu. Alinitazama, akacheka mpaka akashika ukuta, na mikeka yote ikacheka pamoja naye. Mama Kavira alisema hajasikia kicheko ndani ya nyumba ile tangu walipofika.

Lakini Beni ni joto. Wanaokaa kule hawalisemi tena, sisi wa milimani tunashuka na makoti kama wajinga. Nililiweka gari juani uani nikalijaribu, likaenda likiyumba kama mtu aliyetoka kwenye pombe ya kasiksi. Nilishika mkono mmoja wa kasiye. Ulikuwa laini. Plastiki niliyoipima kwenye ukungu wa Butembo ilikuwa imegeuka kitu kingine kwenye jua la Beni, na magurudumu yalikuwa yanaangalia kila moja njia yake. Nikakumbuka kwamba nimepima kila kitu isipokuwa hewa. Kisha nikajiuliza: kama jua limelainisha kasiye, bomba la kijivu limelifanya nini? Kwenye kikopo changu nilikuwa na mikono kadhaa ya bomba niliyoibeba kwa ubahili tu. Niliianika juani, nikaazima nyundo kwa jirani, nikaiachia ianguke. Haikulainika, wala haikupasuka. Baridi ndiyo iliyokuwa ikiiua. Fundi aliyekuwa akitazama kutoka kivulini alisema neno moja tu la kwetu, "Wasingya," asante, akaanza kufungua skrubu pamoja nami.

Mashindano yalifanywa kwenye uwanja wa saruji wa kuanikia kahawa, ambao mwaka ule haukuwa na kahawa. Askari walizunguka ukingo, na raia nyuma yao. Kamanda alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri, mgeni wa huku, alikuja kutoka jimbo la Équateur, na nadhani kitu pekee alichokipenda Beni kilikuwa lile gari la buluu. Alilibeba mwenyewe kwa mikono miwili. Nililipotazama niliona mikono ya gari imezungushwa waya wa chuma. Fundi mmoja wa Beni alikuwa amemrenforsea. Nilijua mkono utakatikia wapi, ningeweza hata kuchora kwa chaki. Sikusema kitu, halikuwa gari langu.

Papa Mumbere alishika rimoti yetu. Tulikubaliana mizunguko mingi, mpaka kamanda aseme basi. Buluu lilitutangulia, betri yake ilikuwa imeshiba umeme wa groupe yetu wenyewe. Kila kona magari yalipiga ukingo wa saruji, letu likapinda, likarudi, likaendelea. Na pale mbele ya maofisa, buluu likapiga ukingo kwa bavu, gurudumu likalala. Mkono ulikatikia palepale waya ulipoishia. Jekundu lilipita peke yake, na raia wakapiga vigelegele kabla ya kukumbuka askari.

Kamanda hakulipenda lile. "Tika!" alisema, yaani acheni. "Hapana, hapana. Hii haiko kupitwa. Yangu imegonjwa, course haijaisha. Groupe inabakia."

Papa Mumbere alianza kucheka kile kicheko cha mfanyabiashara anayehesabu malori yake. Fundi alishika kofia kifuani. Niliona chumba chetu kinafungwa, na jembe la Kipese likinisubiri mlangoni. Ndipo nikasema, kwa sauti iliyonishangaza mimi mwenyewe, "Commandant, niko na mukono ingine. Nitakuwekea. Muanze tena." Fundi alinifinya. Nilimwacha afinye. Ushindi wa gari lililovunjika kamanda asingeukubali kamwe, na zaidi ya hapo, sema nilikuwa na kiburi, nilitaka kuona.

Nilipiga magoti kwenye saruji ya moto, nikatoa mikono yote ya mbele ya gari lake na kuweka yangu ya kijivu. Magari yalikuwa mapacha, mikono ikakaa kama nyumbani. Walianza tena, na kamanda akatupita. Sikufichi kitu: alitupita vizuri, kwa gari lililopiga kona zote bila kuumia, na askari wake wakafyatua risasi juu kwa furaha, sisi tukainama. Fundi alifumba macho. Mimi niliyaangalia magari mawili yakirudi, moja jekundu moja la buluu, yote mawili yakitembea juu ya kazi yangu, na badala ya kulia nilijisikia mrefu.

Kamanda aliliinua gari lake juu. "Njo vile voiture inatembea! Nani alifanya hii mukono?"

"Ni mimi, Commandant."

"Yo? Mwana mwasi? Mutoto mwanamuke?" Aliwageukia maofisa wake, kisha akanigeukia. "Bon. Utanifanyia zingine. Mingi."

"Siwezi, Commandant."

Nikamwomba ashike gurudumu la mbele alitikise. Alilitikisa. Lilicheza kidogo, la kushoto zaidi. "Ile tundu," nikamwambia, "nilitoboa na musumari ya moto, maana hatuna courant, ile umeme ya groupe. Musumari inachoma, haikate. Tundu inaanza kupanuka leo leo. Kesho kutwa itakuwa kama yai, na voiture itakwenda fasi yenye inataka. Tundu ya kudumu inatobolewa na mashine, perceuse. Perceuse inakunywa courant. Na courant yetu iko kwako, inawasha lampe."

Kamanda alitikisa gurudumu tena, polepole, sikio karibu nalo kama daktari. Alitikisa la pili. Nilimwona akitazama kwenye uwanja, kisha kwenye nyumba yake yenye taa, kisha kwenye gari lake, na nilijua ni kipi atakachokichagua, kwa sababu mimi pia mwaka ule nilikuwa na kitu kimoja tu nilichokipenda.

"Na utaleta zangu lini?"

"Lori ya Papa Mumbere itakuletea. Mais iko na neno moja, Commandant. Usizirenforsé."

Alicheka kwanza yeye, kisha maofisa wakapata ruhusa. "Mupakie groupe," aliwaambia askari. "Noki noki, haraka, kabla nibadilishe kichwa."

Wanne waliibeba mpaka kwenye lori, ikiwa imechakaa rangi lakini nzima. Papa Mumbere alisema anabaki Beni kwa kazi zake. Basi kiti cha kabina, kile cha kando ya dereva, kikawa wazi, na kwetu kila mtu anajua kiti kile ni cha nani: ni cha mwenye mali iliyoko nyuma. Fundi Kakule alifungua mlango, nikasogea kumpisha. Hakupanda. Alinishika kiwiko, akanielekeza juu kwa kidevu, akafunga mlango nikiwa ndani. Kisha nikamsikia akipanda nyuma, mzee yule na miwani yake, akaketi kwenye vumbi akiikumbatia groupe isiteleze kwenye kona.

Dereva, ambaye si yule aliyetuleta, hakunijua. Alitia gia, akaniangalia kuanzia kandambili mpaka kitambaa cha kichwa, akauliza kama ile mali huko nyuma ni ya kwangu.

Nilimjibu ndiyo, ni ya kwangu, na kwamba apite mashimo polepole kwa sababu fundi wangu amekaa juu yake.